Nani Kasema Huo si Muziki?

"Huo si muziki." Maneno haya matatu nimeyasikia mara nyingi katika miaka yangu 76. Nilipokuwa mtoto, wazee wetu waliyasema juu ya gitaa, wakaliita chombo cha walevi na wazururaji. Nilipokuwa kijana katika chuo cha ualimu, mkufunzi wetu mmoja aliyasema juu ya ngoma za kwetu. Kwake yeye, muziki ulikuwa ule wa do re mi aliotuandikia ubaoni na kutuonyesha kwa kijiti. Yote mengine yalikuwa makelele ya kijijini. Wazee wale na mkufunzi yule wameumbuliwa na wakati. Leo gitaa linapigwa kanisani mbele ya mchungaji, na ngoma zinafundishwa vyuoni.

Desemba iliyopita nimeyasikia tena, safari hii barazani pangu, kutoka kwa mzee mwenzangu ninayemheshimu sana. Ni mwalimu mstaafu kama mimi, na amefundisha kwaya kwa zaidi ya miaka thelathini. Tulibishana hadi chai ikapoa. Nilimwahidi kwamba jibu langu nitaliandika, naye akacheka, akaniuliza nitaandika nini juu ya kidude cha kuchezea watoto. Haya, ndugu yangu, jibu ndilo hili.

Hata hivyo, kabla sijaanza, nikiri jambo moja, msomaji asije akanidhania mtakatifu. Mimi mwenyewe nimewahi kuyasema maneno hayo, na siku nilipoyasema nilikuwa na fimbo mkononi. Nitalieleza hilo mahali pake.

Kisa chenyewe ni hiki. Binti yangu ni muuguzi katika mji wa Hamburg, Ujerumani. Mwanawe wa kiume, mwenye miaka kumi na saba, alikuja kutuona wakati wa likizo. Katika mkoba wake mlikuwa na kidude cha kijivu kiitwacho Game Boy, alichokinunua katika soko la vitu vikuukuu. Kidude hicho kimemzidi umri kwa mbali. Kampuni ya Nintendo ilianza kukiuza Japani tarehe 21 Aprili 1989, kwa ajili ya michezo ya mkononi. Kina kioo kidogo kisicho na rangi wala taa, vitufe vichache, na kinatumia betri 4 ndogo. Wenye umri wa kutosha watakumbuka ndugu zake wa bei nafuu waliojaa madukani kwetu katika miaka ya 1990, vile vidude vya kupanga matofali. Nikiwa mkuu wa shule nimewanyang'anya wanafunzi vidude hivyo hata nikapoteza hesabu.

Kwa siku mbili mjukuu wangu alikaa juu ya mkeka ameinamia kidude hicho. Nikadhani anacheza, nikanyamaza, kwani mgeni ni mgeni hata akiwa mjukuu. Siku ya tatu jioni, umeme ukiwa umekatika, alichomeka waya kwenye redio yangu ya betri akasema, "Babu, sikiliza." Pale barazani alikuwapo pia yule mwenzangu wa kwaya. Ukatoka wimbo. Nao haukuwa wimbo wa Ulaya. Ulikuwa wimbo wa kwaya ya mwenzangu huyo huyo, ambayo hufanya mazoezi kanisani, hatua mia mbili kutoka kwangu. Kijana alikuwa ameusikia dirishani kwa siku hizo mbili akauandika upya katika kidude chake.

Mwenzangu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanigeukia mimi, wala si kijana, akasema: "Mwalimu Mkuu, huo si muziki. Huo ni mlio wa nyenje aliyefungiwa kwenye kibiriti."

Hapo ndipo ubishi ulipoanza. Hoja zake zilikuwa nne, na nitazijibu moja moja. Kwanza lakini msomaji anapaswa kujua kijana alifanya nini hasa, maana wengi wanaolaani jambo hili hawajawahi kuuliza linafanywaje. Mimi mwenyewe niliuliza, nikaeleweshwa kwa saa tatu, na sikujuta.

Ndani ya Game Boy mna sehemu ya kutoa sauti, na sehemu hiyo ina njia 4 tu. Njia mbili za kwanza hutoa mlio ambao mafundi huuita wa mraba, kwa kuwa umeme wake hupanda ghafla, hukaa, kisha hushuka ghafla, bila mteremko. Mtunzi anaweza kuchagua umeme ukae juu kwa muda gani katika kila mzunguko: asilimia 12.5, robo, nusu, au robo tatu. Ukiwa mfupi, sauti huwa nyembamba kama ya mtu anayesemea puani. Ukifika nusu, huwa pana na yenye uwazi kama zumari. Katika njia ya tatu mtunzi huchora umbo la mlio yeye mwenyewe, kwa hatua 32, na kila hatua ina ngazi 16 tu za kupanda au kushuka. Mara nyingi besi huwekwa hapo. Njia ya nne haina noti. Ni mvumo kama wa mvua juu ya bati, na ukikatwa vipande vifupi huwa kayamba au ngoma ndogo. Bendi nzima imeishia hapo, wala hakuna wa tano wa kuitwa kusaidia.

Kidude hakikutengenezwa ili mnunuzi atungie nyimbo. Watu walikigeuza. Mwaka 1998, katika mji huo huo wa Hamburg, mwanafunzi wa sanaa aitwaye Oliver Wittchow alitengeneza programu ya Nanoloop, inayokiwezesha kutungia muziki. Haikupita muda Mswidi mmoja, Johan Kotlinski, akatoa nyingine iitwayo Little Sound DJ. Mjukuu wangu anatumia hiyo ya pili. Ukiitazama kwenye kioo utadhani ni daftari la mhasibu. Pana safu 4 zilizosimama wima, kila njia ya sauti na safu yake, na wimbo unashuka kutoka juu kwenda chini badala ya kwenda kulia kama tulivyozoea katika mistari yetu mitano. Mtunzi huandika vipande vya hatua 16, huviunga kuwa mnyororo, kisha huipanga minyororo katika zile safu 4. Katika kila hatua anaandika noti, namba ya chombo, na amri ya jinsi sauti iende: iteleze, itetemeke, ikatwe. Namba zenyewe zinahesabiwa kwa makundi ya kumi na sita, ambapo baada ya 9 zinafuata A mpaka F. Mimi niliyefundisha hesabu nilijisikia nyumbani. Uandishi huu wa kushuka chini una historia yake. Mjerumani Karsten Obarski alitoa programu ya namna hii mwaka 1987 kwa ajili ya kompyuta ya Amiga, na zilizofuata desturi hiyo huitwa traka.

Sasa nizijibu hoja za mwenzangu.

Hoja ya kwanza: hicho ni kidude cha kuchezea, si ala ya muziki. Ndugu yangu, ni ala gani iliyozaliwa ala? Pembe ilikuwa kichwani pa mnyama. Kibuyu cha zeze kingeweza kubeba maziwa. Kule Trinidad, vijana maskini wa miaka ya 1930 na 1940 walichukua madebe na mapipa ya mafuta, wakayapondaponda mpaka yakatoa noti. Watawala wa kikoloni waliwaona wahuni, lakini leo pipa lile ni fahari ya taifa lao zima. Kitu huwa ala siku mtu anapokubali kujifunza tabia zake mpaka akaweza kukitabiri. Aliyekitengeneza alikusudia nini si neno.

Na kama ni mchezo wa watoto, watu wazima wanautafutia nini? Kuanzia mwaka 2006 hadi 2012 kulikuwa na tamasha la muziki huu wa chipu lililoanzia New York, liitwalo Blip Festival. Watunzi walipanda jukwaani na vidude hivi mikononi, na watu walilipa kiingilio kuwasikiliza. Tena kuna kesi. Mwaka 2000 Mfini Janne Suni alitunga kipande kiitwacho "Acidjazzed Evening", na Mnorwei Glenn Rune Gallefoss akakiandika upya kwa ajili ya kompyuta ya Commodore 64, mashine ya mwaka 1982 yenye sauti 3 tu. Baadaye ilidaiwa kwamba kazi hiyo ilitumiwa bila ruhusa katika wimbo wa mwimbaji mashuhuri uliotoka mwaka 2006, nalo shauri likafika mahakamani Marekani. Liliangukia kwenye suala la usajili wa hakimiliki. Mimi si mwanasheria, na nani alichukua nini si kazi yangu kuamua. Ninauliza hili tu: watu wazima wenye mawakili wanagombeaje kelele za nyenje?

Hoja ya pili: sauti yenyewe ni mbaya, inakwaruza. Hapa nitakwenda naye polepole, maana ana nusu ya ukweli. Nikiusikiliza muziki huu kwa zaidi ya saa moja kichwa kinaniuma. Mwingi wake pia ni wa watu wanaolilia utoto wao, wanaoiga nyimbo za michezo waliyocheza wakiwa wadogo, na kulilia utoto si kutunga. Nakubali yote hayo. Ila kukwaruza peke yake si kosa. Wagogo wa Dodoma wana ilimba, ubao wenye vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Anayeitengeneza hutoboa tundu akalifunika kwa utando wa buibui, makusudi kabisa, ili kila noti ivume na kukwaruza kidogo. Marehemu Hukwe Zawose aliizungusha ala hiyo duniani mpaka alipofariki mwaka 2003, na sijasikia mtu aliyesimama ukumbini akadai buibui aondolewe. Yule mkufunzi wangu wa do re mi angedai. Angesema sauti safi ndiyo sauti, kwa kuwa sauti safi ndiyo aliyofundishwa. Mwenzangu anachukia mlio wa mraba kwa sababu hiyo hiyo: hakuzaliwa nao. Hiyo ni habari ya masikio yake, na muziki haushtakiwi kwa masikio ya mtu mmoja.

Hoja ya tatu ndiyo aliyoitegemea zaidi: mashine ndiyo inayopiga, mtu hafanyi kitu. Hapa sitakwenda polepole.

Wimbo wa kwaya yake una sauti nne za watu: soprano, alto, tena na besi. Kidude kina njia tatu tu za noti, kwa kuwa ya nne ni ya mvumo. Kijana alifanyaje? Kuna hila ambayo watunzi wa Commodore 64 waliifanya maarufu miaka mingi kabla hajazaliwa. Kama huwezi kupiga noti tatu kwa pamoja, yaani kile wapiga gitaa wetu wanachokiita kodi (si ile ya serikali), unazipiga moja baada ya nyingine kwa kasi kubwa sana, zikizunguka, mpaka sikio linashindwa kuzitenganisha na linazisikia kama kitu kimoja kinachometameta. Hivyo njia moja inabeba kazi ya watu wawili au watatu. Lakini si kila mahali inafaa. Pengine maneno yanahitaji utulivu, na mzunguko ule unaleta fujo. Hapo lazima mtunzi aamue nani anyamaze. Mjukuu wangu alinionyesha mahali alipomnyamazisha tena, na mahali alipoirudisha kwa hatua mbili tu, ili sikio liamini kwamba haikuondoka. Kazi hiyo ilimchukua siku mbili, noti kwa noti, kwa vitufe ambavyo hesabu yake haifiki kumi.

Mwenzangu anampenda Bach kuliko mtunzi yeyote. Basi na akumbuke. Bach aliandika kazi nzima kwa ajili ya fidla moja peke yake, bila wa kuisindikiza, akaifanya idokeze sauti ambazo hazipo. Utangulizi wa kwanza katika kitabu chake cha mwaka 1722 cha vipande vya kinanda, karibu wote, ni kodi zilizovunjwa zikapigwa noti moja moja. Simlinganishi mjukuu wangu na Bach. Nasema tatizo ni lile lile, nayo akili inayotumika kulitatua ni ya ukoo ule ule.

Kisha tuitazame kwaya yenyewe. Miaka michache iliyopita walichanga fedha wakanunua kinanda cha umeme, kizuri, cha bei. Mpigaji anabonyeza kitufe kimoja: ngoma zinaanza. Anabonyeza kingine: besi inaingia. Anaweka vidole vitatu: tarumbeta zinaitikia, fidla zinafuata, na mwishoni kitufe cha kumalizia kinamalizia. Mpigaji huyo nimemwona akijipangusa jasho kwa leso huku kinanda kikiendelea. Hicho mwenzangu anakiita ala, na waumini wanakipigia makofi. Kidude kisichotoa hata mlio mmoja mpaka mtu akiandikie kila noti, aiambie ianze vipi na iishe vipi, hicho anakiita mashine inayojipigia! Ama kweli, nyani haoni kundule.

Sisemi kinanda kile kitupwe. Nasema tusipime muziki kwa ukubwa wa chombo wala kwa bei yake. Tupime kwa kuuliza: katika sauti hii ninayoisikia, mtu ameamua mambo mangapi? Kwa kipimo hicho kidude cha mjukuu wangu kinakishinda kinanda cha kanisa asubuhi na mapema.

Hoja ya nne aliitoa akiwa amesimama, ameshika bakora yake aondoke: hayo ni mambo ya Wazungu wenye nafasi, sisi watoto wetu hawana hata madawati. Hoja hii inauma, na nisingependa kuijibu kwa mzaha. Ni kweli kwamba Game Boy kuukuu si kitu cha bei ya bure siku hizi. Siombi serikali iinunulie shule hata moja. Lakini ndani ya hoja hiyo kuna neno ambalo sisi walimu tulijificha nyuma yake maisha yetu yote: hatuna vyombo. Nikiwa mkuu wa shule, kila mwaka niliandika katika taarifa yangu kwamba somo la muziki halifundishwi kwa kukosa vyombo. Sentensi hiyo niliiandika miaka kumi na moja mfululizo, bila kubadili neno. Na angalau mwaka mmoja kati ya hiyo, sentensi hiyo ilikuwa uongo, na chombo kilichonisuta kilikuwa ndani ya kabati nyuma ya kiti changu.

Sasa ndipo mahali pa kueleza lile nililoahidi.

Mwaka 1986 nilikuwa na miaka 37, mkuu mpya wa shule ya sekondari ya bweni, na nilitaka nijulikane kwa nidhamu. Ilikuwa bado miaka ya uhaba, na msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983 ulikuwa haujatutoka akilini. Kitu chochote cha ng'ambo kilihitaji maelezo. Katika ukaguzi wa masanduku, mwalimu wa zamu alikuta kwa kijana mmoja wa Kidato cha Tatu, mtoto wa baharia kutoka pwani, kikokotoo cha Casio cha ajabu. Kilikuwa na namba kama kikokotoo chochote, lakini chini yake mlikuwa na safu ya vitufe vilivyopangwa kama vya kinanda. Pamoja nacho kulikuwa na daftari. Kurasa zake kadhaa zilijaa namba za tarakimu nane nane, na kando ya kila namba neno moja: zumari, kengele ya shule, chura, honi ya meli.

Mimi na mwalimu wa zamu tulitazamana. Tukaona ama ni majibu ya mtihani yaliyofichwa kwa lugha ya mafumbo, ama ni hesabu za magendo. Nikamwita kijana ofisini. Akasema, "Mwalimu, hizo ni sauti." Nikamwambia asinifanye mtoto. Akaomba animonyeshe. Aliingiza moja ya namba zile, akasogeza swichi, akapiga mstari mmoja wa wimbo kwa kidole cha shahada. Kilitoka kisauti chembamba, kinachotetemeka. Nikamwambia, "Huo si muziki. Muziki uko kwenye kwaya ya shule." Nikampa viboko vitatu, nikakifungia kidude kabatini. Daftari lilichomwa pamoja na karatasi chakavu za ofisi.

Desemba iliyopita, mjukuu wangu aliponieleza jinsi sauti ya chombo inavyoandikwa kwa namba, nilinyamaza muda mrefu. Kisha nikamweleza juu ya kikokotoo kile. Akakitambua mara moja. Kilikuwa VL-1, chombo cha Casio cha mwaka 1981, kikokotoo na kinanda katika ganda moja. Kina vitufe 29 vya noti, kinakumbuka noti 100, na kinatoa noti moja tu kwa wakati mmoja. Kina pia midundo kumi ya kujipigia, nikubali hilo ili mwenzangu asinikamate. Lakini pamoja na sauti zake za kiwandani, kinamruhusu mwenyewe abuni sauti yake kwa kuandika tarakimu nane. Tarakimu ya kwanza inachagua aina ya mlio. Zinazofuata zinasema sauti ianze kwa haraka au polepole, ishuke vipi, ikae kwa nguvu gani na kwa muda gani, ififie vipi, itetemeke kiasi gani. Namba hiyo inakaa katika kumbukumbu ya kikokotoo, na kumbukumbu hiyo inaweka namba moja tu. Ukitaka sauti ya pili, ya kwanza inafutika.

Ndiyo maana kijana alikuwa na daftari.

Alikuwa amekaa bwenini, bila mwalimu na bila kitabu, akajaribu namba baada ya namba mpaka akapata chura na honi ya meli. Somo lile tulilosema halifundishwi kwa kukosa vyombo alikuwa akijifundisha peke yake, na mimi nikamchomea maandishi yake. Mwezi wa Novemba 1987, alipomaliza Kidato cha Nne, nilimrudishia kidude. Sikuwa nimekumbuka kutoa betri, zikawa zimevuja na kuozesha vyuma vya ndani. Alikipokea kwa mikono miwili akasema, "Ahsante, Mwalimu." Sijamwona tena tangu siku hiyo.

Sielezi haya ili nihurumiwe. Nayaeleza kwa sababu najua vizuri jinsi mtu mwema, mwenye shahada yake ya ualimu na nia njema, anavyoweza kuua kitu kwa maneno matatu. Mwenzangu alipoyatamka mbele ya mjukuu wangu, nilimwona kijana anavyochomoa waya kwenye redio taratibu, bila kusema neno. Nilikwisha kuuona mwendo huo wa mikono.

Kwa hiyo nawasihi walimu walio kazini sasa. Simu za wanafunzi wenu zina nguvu kuliko Game Boy kwa kiasi kisichosemeka, na zipo programu za kutungia muziki ndani yake. Sisemi mziachie darasani. Nidhamu ni nidhamu. Nasema, kabla ya kunyang'anya kitu, uliza swali moja: "Kinafanya nini hiki?" Kisha kaa chini usikilize jibu lote. Ukikuta ni upuuzi, nyang'anya kwa amani. Lakini ukikuta namba zenye majina kando yake, rudisha fimbo mahali pake.

Na kwako, mzee mwenzangu, nina neno la mwisho. Umesahau jambo moja ulilolifanya jioni ile, lakini mimi sikulisahau. Ulikwisha kushuka ngazi za baraza, umekasirika, bakora mkononi. Ulipofika langoni uligeuka, ukamwita kijana, ukamwuliza kwa sauti ya ukali: "Wewe, alto umeiweka wapi?" Naye akakujibu kwamba alto iko ndani ya soprano, zinapokezana. Ukasimama kidogo, midomo ikicheza kama mtu anayehesabu, ndipo ukaondoka.

Ndugu yangu, mtu hamwulizi nyenje alto iko wapi.